LUGHA HAIFUNDISHWI KWA SEMINA YA SIKU TATU



Safari hii tunaandika juu ya watu ambao hawajawahi kuleta malalamiko kwenye kundi letu. Si kwamba hawana. Wanayo, tena mengi, lakini yako mikononi mwao, na wengi wetu hatujafundishwa kuyasoma. Tunazungumza juu ya wakimbizi wenzetu viziwi. Na tunazungumza juu ya vyuo vikuu.

Tunajua mtu atacheka. Atasema: kiziwi anayeuza ndagala sokoni, ambaye hata darasa la kwanza hakumaliza, yeye na chuo kikuu wapi na wapi? Basi huyo ndiye tunayemwandikia. Sisi tunasema hivi: chuo kikuu kisipofungua mlango wake kwa lugha ya alama, mlango wa zahanati, wa shule, wa mahakama na wa ofisi ya wakimbizi utabaki umefungwa kwa kiziwi, hata kama mtabandika kila ukuta tangazo la "watu wenye ulemavu kwanza".

Tuanze na mambo tunayoyaona kwa macho.

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi kuingia Burundi. Wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke, na baadaye wengi wakapelekwa Musenyi, mkoani Rutana. Katika mkimbio wa namna hiyo kila mtu anaokolewa na masikio kwanza. Unasikia risasi, unasikia jirani anapiga kelele, unasikia mtu anasema njia ile imefungwa, pita huku. Kiziwi anaamshwa kwa kuvutwa mkono. Anakimbia bila kujua anakimbia nini.

Halafu anafika kambini. Sisi tunaojitolea makambini tunajua kazi inavyokwenda. Majina yanaitwa kwa megafoni. Tarehe ya chakula ikibadilika, inatangazwa kwa megafoni. Kipindupindu kikiingia, mtu anazunguka na megafoni akisema chemsheni maji. Kiziwi anaona tu mdomo wa mtu umezibwa na kile kibomba. Jina lake linaitwa mara mbili, mara tatu, linapitwa. Jioni anaandikwa "hakufika". Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, mstari wa mbele.

Nenda zahanati. Dada kiziwi ana mimba ya miezi saba na tumbo linamuuma. Muuguzi anauliza maumivu yameanza lini. Dada anatazama. Muuguzi anapandisha sauti. Anapandisha tena. Mwisho anamgeukia mtoto wa miaka tisa aliyemsindikiza, anamwambia, "Muulize mama yako kama anatoka damu." Mtoto wa miaka tisa!

Nenda kwenye mahojiano, yale ambayo maisha yote ya mkimbizi yananing'inia juu yake. Swali: ulikimbia kwa nini? Anayejibu ni baba mdogo. Kila swali anajibu baba mdogo. Kiziwi anatia kidole gumba kwenye karatasi ambayo hajui imesema nini. Na je, kama yale aliyotaka kuyasema yanamhusu huyo huyo baba mdogo? Nani atajua? Tumeshuhudia haya zaidi ya mara moja, katika ofisi ambazo hatuzitaji hapa kwa sababu shida hii si ya ofisi moja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa wetu wapo kabisa, wamekaa kwenye kiti, na bado la kwao halipo.

Sasa tufike kwenye dawa tunayoletewa. Dawa inaitwa semina.

Mnazijua. Siku tatu. Fulana, soda, kalamu. Vijana ishirini wanakaa kwenye hema, wanafundishwa herufi A hadi Z kwa vidole, halafu "habari", "asante", "mama", "maji", "mimi jina langu". Siku ya tatu picha ya pamoja, wote tumeinua mikono. Tunapewa sertifika, na ripoti inaandikwa kwamba kambi sasa ina wakalimani ishirini wa lugha ya alama.

Jumatatu anakuja kiziwi mwenye shida ya kweli. Kijana wa semina anaanza kumwandikia kwa vidole, herufi kwa herufi, neno la Kifaransa. Lakini huyu kiziwi hajawahi kusoma. Kifaransa hakijui, herufi hazijui. Ni sawa na kumpa mtu asiyejua kusoma barua badala ya mkate. Wote wawili wanatazamana, wanatabasamu kwa huzuni, wanaachana.

Tuulize kwa ukali: ni lugha gani nyingine duniani ambayo mtu anaitwa mkalimani wake baada ya siku tatu? Sisi wenyewe, tuliokuja na Kiswahili chetu, tukiingia darasa la Kirundi tulikaa mwaka mzima tukitazama ubao kama picha. Na tulikuwa na masikio mawili, na majirani wa kutusahihisha kila siku. Angesimama mtu aseme ameshakuwa mkalimani wa Kirundi wa mahakamani baada ya siku tatu na chupa mbili za Fanta, mngemwitia daktari. Lakini kwa lugha ya viziwi inakubalika. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya mioyo yao, wanaopanga hizo semina hawaamini kwamba ile ni lugha. Wanadhani ni kuigiza. Hapo ndipo chuo kikuu kinapoingia.

Kwa miaka mingi dunia yote ya wasomi ilidhani hivyo hivyo. Mwaka 1880, mjini Milan, Italia, walimu wa viziwi walikutana na kupiga kura kwamba alama zitolewe shuleni, watoto wafundishwe kusema kwa mdomo tu. Wajumbe walikuwa 164. Kati yao kiziwi alikuwa mmoja tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini siku ile maiti hakupewa nafasi. Tangu hapo, vizazi na vizazi vya watoto viziwi vilifungwa mikono, vilichapwa vidole, vilikalishwa mbele ya kioo kujifunza kutamka sauti wasizozisikia. Ilichukua miaka 130, hadi mwaka 2010 mjini Vancouver, Kanada, ndipo mkutano wa walimu hao hao ukakataa hadharani maazimio ya Milan na kuonyesha majuto.

Nini kilibadilika katikati? Huruma ilikuwepo tangu zamani, haikuwahi kukosekana. Kilichobadilika ni utafiti. Katika chuo cha Gallaudet, Washington, kilichoanzishwa mwaka 1864 kwa ajili ya viziwi, alikuwepo mwalimu mmoja wa Kiingereza, William Stokoe, mtu mwenye kusikia. Alitazama wanafunzi wake wakiongea kwa mikono, akaona kwamba kuna utaratibu. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuonyesha kwamba alama zina vipande vidogo vinavyopangwa, kama vile maneno yetu yanavyopangwa kwa sauti. Wenzake wengi walimdharau. Leo hakuna chuo cha lugha cha maana kinachobisha.

Tueleze kidogo, maana hili ndilo jambo lenyewe. Alama moja ina umbo la mkono, ina mahali inapofanyika, ina mwendo, ina upande ambao kiganja kinaelekea, na ina uso. Badilisha kimoja tu na neno limebadilika, kama "pika" na "fika" zinavyotofautiana kwa sauti moja. Uso si mapambo. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda, sentensi inakuwa swali la ndiyo au hapana. Mpangilio wa maneno una sheria zake, si Kiswahili kilichowekwa mikononi, si Kifaransa. Tena hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima. Kenya wana yao, Uganda wana yao, Tanzania wana yao, Wafaransa na Wamarekani wana zao. Kiziwi wa Nairobi na kiziwi wa Dar wanaweza kupishana maneno kama vile Mshi na Mluba wanavyopishana.

Sasa angalieni majirani zetu, ili mtu asije akasema haya ni mambo ya Wazungu.

Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Waliokuwa mbele ni Okoth Okombo na Philemon Akach, wataalamu wa lugha. Walikaa na viziwi, wakakusanya, wakachambua, wakafundisha. Akach baadaye akaenda Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Free State kule Bloemfontein, akaendeleza masomo hayo hayo. Na matunda? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Bungeni! Afrika Kusini nao mwaka 2023 wakaifanya lugha yao ya alama kuwa lugha rasmi ya 12 ya taifa. Waheshimiwa hawaandiki kwenye katiba kitu ambacho hakuna aliyekichunguza. Lazima kwanza mtu aonyeshe kwamba kipo, kina jina, kina sarufi na kinafundishika.

Tanzania, Chama cha Viziwi, CHAVITA, kilitoa kamusi yake mwaka 1993. Viziwi wenyewe, kabla ya maprofesa. Mwaka 2004 mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, kazi ya Henry Muzale. Uganda, katiba ya mwaka 1995 ilishataja kwamba serikali itahimiza kukuza lugha ya alama. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bungeni. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha wakalimani, na mwaka 2006 kamusi ya lugha ya alama ya Uganda ikatoka, ambayo mmoja wa waandishi wake ni Sam Lutalo-Kiingi. Huyu Lutalo-Kiingi ni kiziwi, na baadaye akapata udaktari Uingereza kwa kuandika sarufi ya lugha yake mwenyewe. Kiziwi wa Uganda, daktari wa lugha. Wale wanaoita watu "bubu" barabarani wajaribu kwanza kupata hata nusu ya karatasi zake.

Mnaona mnyororo? Viziwi na watafiti wanakaa pamoja, inatoka kamusi. Kamusi na sarufi zinazaa kozi. Kozi ya miaka, si ya siku, inazaa walimu na wakalimani. Mkalimani anakaa zahanati, na yule dada wa miezi saba anaulizwa kwa lugha yake, bila mtoto wa miaka tisa katikati. Semina inataka kuruka mnyororo wote na kuvuna mhogo ambao hakuna aliyeupanda.

Na kwetu huku, upande wa Kifaransa? Hatukuanza na mikono mitupu. Historia tunayo, tena ina mtu ambaye vijana wengi hawajamsikia. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipata uziwi akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet. Mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi Ghana, na hakusimama hapo. Alifungua zaidi ya shule 30 katika nchi 13 za Afrika, na Kongo yetu ikiwemo. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987, ndege aliyopanda ilipoanguka Rwanda, hapa hapa jirani. Leo dunia inasherehekea tarehe 3 Desemba kama Siku ya Watu wenye Ulemavu, na wachache sana wanajua kwamba siku hiyo Foster alikufa.

Foster alikuja na alama za Kimarekani, zikachanganyika na alama za watu wa kila mji. Shule nyingi za viziwi za Afrika ya Kifaransa zina damu hiyo. Sasa mfikirie mkimbizi. Mtoto kiziwi wa Uvira ana ishara za nyumbani kwao. Akibahatika kuingia shule, anakutana na alama zenye asili ya Foster. Familia ikivuka ziwa kwenda Nyarugusu, anakutana na za Tanzania. Ikienda Nakivale, za Uganda. Ikipata bahati ya kupelekwa Marekani, anaanza tena. Watu hawa wana historia ya lugha ambayo huwezi kuipata maabara yoyote. Mikono yao imebeba ramani yote ya Maziwa Makuu. Profesa anayetafuta jambo la kuchunguza asisumbuke kupanda ndege. Ashuke tu hadi sokoni kwetu.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, maana tumewasikia wote.

Wa kwanza anasema: chakula kwanza, lugha baadaye. Ndugu, umesahau megafoni? Siku ya chakula ikihama kutoka Jumanne kwenda Jumatatu, nani anakosa? Kiziwi analala njaa kwa sababu ya lugha. Kwake chakula na lugha ni foleni moja.

Wa pili anasema: viziwi ni wachache. Nani aliwahesabu? Fomu inajazwa na mkuu wa familia, na wazazi wengine wanaficha kwa aibu. Tena sisi wakimbizi ndio tunaozalisha uziwi kila mwaka. Surua, uti wa mgongo, kwinini ya kupita kiasi, sindano za streptomaisini, bomu lililolipuka karibu. Uziwi si ukoo. Unayesoma hapa na masikio mazima, hukupewa mkataba wa milele. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 430 wenye upungufu mkubwa wa kusikia unaohitaji matibabu au msaada.

Wa tatu anasema: familia inatosha kutafsiri. Hapana. Ishara za nyumbani zinatosha kusema kula, lala, njoo, ng'ombe, mvua. Hazitoshi kusema "niliyemwona usiku ule si yule mnayemshitaki". Watoto viziwi wengi sana wanazaliwa na wazazi wanaosikia, ambao nao hawana lugha ya kuwapa. Mama anampenda mtoto wake kuliko sisi wote, lakini hawezi kumpa lugha ambayo yeye mwenyewe hajapewa. Mwaka 2014 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha kijana wa miaka 15, kaskazini ya Uganda, ambaye hakuwa na lugha yoyote hadi siku alipoingia darasa la kwanza la alama. Siku moja! Uso wake ulibadilika kama mtu aliyetolewa kisimani. Aliyemfundisha alikuwa kijana kiziwi mwenzake, si mfadhili.

Wa nne anasema: tusubiri, wakifika Marekani watafundishwa. Kwanza, wangapi wanafika? Wengine tuko hapa tangu utoto na tumeota ndevu hapa hapa. Pili, ubongo wa mtoto hausubiri ndege. Lugha inaingia vizuri katika miaka ya kwanza ya maisha. Mtoto aliyefika miaka 12 bila lugha yoyote ameshaibiwa, na hakuna viza inayorudisha kilichoibwa.

Wa tano anasema: simu itafanya kazi hiyo, kuna programu. Programu ya lugha ipi? Simu haina akili ya kwake, inalishwa kamusi. Kamusi isiyoandikwa haiwezi kulishwa simu. Tunarudi pale pale chuo kikuu.

Wa sita tunamheshimu sana, maana ni mchungaji, ni mama wa maombi, ni shehe. Anasema: tuombe, masikio yatafunguka. Ombeni, wazee wetu, hatuzuii. Lakini Foster naye alikuwa mtu wa Mungu, alihubiri maisha yake yote. Hakukaa akingojea masikio yafunguke. Alifungua shule.

Tukiwa hapo hapo, tuna neno kwa watafiti wenyewe. Wanakuja makambini. Wanapiga video mikono ya watu, wanauliza maswali mengi, wanagawa sabuni, wanaondoka. Miaka miwili baadaye kitabu kinatoka mbali, kwa lugha ambayo aliyechezesha mikono hawezi kuisoma, na jina lake halimo. Amekuwa kama mti wa kwinini, unabanduliwa ganda, unaachwa msituni. Hatuutaki utafiti wa namna hiyo. Kiziwi anayetoa lugha yake ni mwalimu, na mwalimu analipwa, anatajwa, anaulizwa kabla video haijatoka. Akiweza, ndiye asimame mbele ya darasa. Mwaka 1988 wanafunzi wa Gallaudet walifunga milango ya chuo chao wiki nzima, wakikataa kuongozwa tena na mtu asiyejua maisha yao. Walishinda. I. King Jordan akawa rais kiziwi wa kwanza wa chuo hicho, miaka 124 baada ya kuanzishwa. Hata chuo cha viziwi kilihitaji kufungwa ndipo kimsikie kiziwi. Tusirudie safari hiyo ndefu.

Na msituambie sheria hazipo. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na ikaweka sheria yake tarehe 10 Januari 2018. Kongo iliingia kwenye mkataba huo mwaka 2015, na ikaweka sheria mwaka 2022. Mkataba huo, ibara ya 2, unasema lugha ni za kusema na za alama pia. Ibara ya 24 inadai walimu wanaojua lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Ibara ya 11 inazungumza juu ya vita na majanga, yaani sisi. Karatasi ni nzuri sana. Lakini sheria inayotaka mkalimani, katika nchi isiyosomesha wakalimani, ni kama kumwambia mtu avuke Rusizi kwa daraja lililochorwa ukutani.

Basi madai yetu ni haya, wala si mengi.

Moja. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964 na kinachosomesha walimu wa lugha, kiweke lugha ya alama pamoja na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili kama somo la chuo, lenye mtihani, lenye miaka, lenye walimu viziwi. Vyuo vya Uvira na Bukavu vifanye hivyo, siku risasi zitakaponyamaza. Kutoka Ruziba hadi Mutanga ni safari ya basi. Waheshimiwa maprofesa, tuko karibu.

Mbili. Vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Kyambogo vimeshatangulia. Wanafunzi viziwi wa Burundi na Kongo, wakimbizi wakiwemo, wapate nafasi na masomo ya kulipiwa huko. Tunasikia kila mwaka juu ya masomo ya kulipiwa kwa wakimbizi. Tangazo likitoka, litoke pia kwa video ya alama, ili kiziwi alione.

Tatu. Pesa za semina za siku tatu ziwekwe pamoja. Fulana, soda, hema, posho, mafuta ya magari, vyote. Zisomesheshe vijana wachache kwa miaka mitatu. Watano wanaojua kweli wanashinda mia wenye sertifika.

Nne. Mahojiano yoyote ya mkimbizi kiziwi yasifungwe kwa maneno ya ndugu yake peke yake. Kama mkalimani hayupo leo, faili lingoje, lisipigwe muhuri.

Tano, na hili ni letu sisi vijana. Neno "bubu" life. "Ikiragi" nalo life. Mwite mtu jina lake, au jina lake la alama, lile ambalo viziwi wenzake wamempa. Na jioni, badala ya kukaa ufukweni tukibishana juu ya Barça na Real, tukae na viziwi wa mtaa watufundishe. Haitatufanya wakalimani. Tumeshasema, ukalimani ni kazi ya miaka. Lakini itatutoa kwenye upumbavu wa kupandisha sauti mbele ya mtu asiyesikia.

Tunajua tutaambiwa nyinyi ni wakimbizi, mnadai chuo kikuu katika nchi ya watu? Ndiyo, kwa heshima. Nchi hii imetupokea na tunaishukuru. Lakini hili si letu peke yetu. Siku lugha ya alama itakapofundishwa Mutanga, atakayefaidika kwanza ni mtoto wa Mrundi, kiziwi, wa Kanyosha, wa Gitega, wa Ngozi. Sisi tutakaa kwenye benchi la nyuma, kama kawaida yetu, na tutasoma. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Wanaojua mwalimu kiziwi hapa Bujumbura aliye tayari kutufundisha jioni, waandike chini. Wenye chumba chenye mwanga wa kutosha, waandike pia, maana lugha hii gizani haisomeki. Na kama una ndugu kiziwi nyumbani ambaye hamjawahi kumwandikisha, mwandikishe wiki hii. Usimjibie. Nenda naye.

Sisi vijana wakimbizi wa Ruziba, Bujumbura.